Tuzo za jiji kwa wasanii na kwa wananchi wanaojitolea: zitolewe kwa utaratibu gani?

Katibu wa Wasanii, Nyamagana ameuliza:

Salaam kwenu wote. Mimi ni katibu wa umoja mdogo wa wasanii katika mojawapo ya kata za Wilaya ya Nyamagana. Diwani wetu ametuomba tumwandikie mapendekezo atakayoyafikisha kwenye Halmashauri ya Jiji kuhusu tuzo ya kila mwaka kwa wasanii wa Mwanza na kwa wananchi wanaojitolea katika mitaa yao. Wazo tumelipokea kwa furaha kubwa, kwa kuwa ni pengo la siku nyingi. Kila Mei Mosi waajiri huwapa zawadi wafanyakazi hodari, na kila Nane Nane pale Nyamhongolo wakulima, wafugaji na wavuvi waliofanya vizuri huitwa jukwaani mbele ya viongozi. Lakini mchonga vinyago, mwalimu wa kwaya, kiongozi wa kikundi cha ngoma, mama anayewafundisha watoto wa jirani kusoma wakati wa jioni na vijana wanaozibua mitaro ya Mabatini kabla ya mvua za masika hawamo katika utaratibu wowote kati ya hizo, kwa sababu hawana mwajiri wa kuwapendekeza wala shamba la kukaguliwa.

Tulipokaa kuandika ndipo ugumu ulipojitokeza. Hatujakubaliana ni nani awe na haki ya kupendekeza majina na ni nani aamue, wala kama wasanii na wanaojitolea wapimwe pamoja au kila kundi lipimwe peke yake. Tumetofautiana pia kuhusu zawadi: wengine wanataka fedha, na wengine wanasema ngao na cheti vinatosha. Hofu yangu mimi ni kwamba tuzo itaishia kwa wale ambao redio zimekwisha kuwatangaza, au kwa mfanyabiashara aliyetoa mifuko ya saruji mbele ya kamera, huku watu tuliokuwa tumewakusudia wakibaki kupiga makofi. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, hasa waliowahi kufanya kazi ndani ya halmashauri.

---

Mstaafu wa Utamaduni amejibu:

Ndugu Katibu, nimekuwa afisa utamaduni katika halmashauri za Kanda ya Ziwa hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitaanza na upande wa taratibu. Najua wasanii wengi hawaupendi upande huo, lakini ndio unaoamua kama tuzo itaonekana tena mwaka wa pili.

Nimeona tuzo za namna hii zikianzishwa kwa shangwe na kufa kimya. Sababu karibu kila mara ni ile ile: ilikuwa fikra ya kiongozi mmoja, ikagharamiwa na mdhamini mmoja, na kiongozi alipohamishwa au mdhamini alipobadilisha mawazo, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuiendeleza. Halmashauri ya Jiji ni mamlaka kamili chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Ombeni basi kitu chenye uzito wa mamlaka hiyo, yaani mwongozo wa tuzo ulioandikwa, ukapitishwa na kamati ya kudumu inayohusika na kisha Baraza la Madiwani, pamoja na kasma yake ndani ya bajeti ya mapato ya ndani, hata ikiwa ndogo. Wadhamini wakaribishwe kuongezea. Wakigeuzwa kuwa msingi, mwaka watakaokosekana hakutakuwa na tuzo.

Kuhusu kuwapima pamoja au kila kundi peke yake, nashauri sherehe iwe moja lakini njia za kuwapata washindi ziwe mbili. Ndani ya halmashauri yenyewe mambo haya yako kwenye meza mbili tofauti: Afisa Utamaduni anawajua wasanii, na Afisa Maendeleo ya Jamii anavijua vikundi vya wananchi. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba vinavyopimwa havifanani. Msanii anapimwa kwa kazi yake, ambayo inaweza kutazamwa, kusikilizwa na kulinganishwa na nyingine. Anayejitolea anapimwa kwa muda aliodumu na kwa watu walionufaika, na hao hawawezi kuletwa ukumbini. Mkiwaweka katika mizani moja, msanii atashinda kila mwaka, kwa kuwa kazi yake inaonekana na inasisimua, na muuguzi wa hiari wa mtaani hatakuwa na cha kuonyesha jukwaani.

Kwa upande wa wasanii, undeni jopo la watu wanaoijua sanaa na ambao hawashindani mwaka huo. Hapa kwetu hawakosekani. Chuo cha Ualimu Butimba kimefundisha walimu wa muziki na sanaa za ufundi kwa miongo mingi, na wengi wao wamebaki kuishi Mwanza. Kila mjumbe atangaze maslahi yake kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza, na jina la ndugu yake au la mwanafunzi wake linapofika mezani atoke nje. Mjulisheni mapema Afisa Utamaduni ili aratibu mawasiliano na Baraza la Sanaa la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na kinachosimamia vibali vya matukio ya sanaa, msije mkazuiwa wakati kadi za mwaliko zimekwisha kugawiwa.

Kura za simu msizikubali hata kidogo. Anayeshinda kwa kura hizo ni mwenye fedha za kununua salio kwa wingi.

Jambo la mwisho ni mipaka. Mji ambao sisi wakazi tunauita Mwanza una halmashauri mbili tangu Manispaa ya Ilemela ilipotengwa na Jiji mwaka 2012. Msanii anaweza kulala Pasiansi, akafanya mazoezi Kirumba na kupata watazamaji wake Nyamagana. Andikeni tangu mwanzo kama kigezo ni makazi yake au mahali anapofanyia kazi, la sivyo mtapokea rufaa kabla hata ya kumtangaza mshindi.

---

Mlima Bugobogobo, Kisesa amejibu:

Shikamoo Mzee Mstaafu. Nakubaliana nawe kwa mengi, ila kwenye suala la jopo ninayo ya kusema, kwa sababu sisi wacheza ngoma wa Usukumani tuna namna yetu ya kuwatambua mabingwa, nayo ni ya zamani kuliko halmashauri zote mbili.

Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana tangu karne ya 19, na katika mashindano hayo hakuna jopo linaloketi kwenye viti. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watu huenda kule kunakowavutia. Kikundi kilichobakiwa na umati ndicho kilichoshinda, na kila mtu ameshuhudia kwa macho yake. Ndivyo inavyokuwa hadi leo wakati wa Bulabo, tamasha letu la ngoma, pale Bujora, mwezi wa sita, katika kituo alichokianzisha Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeipa ngoma ya Kisukuma heshima wakati wengine walikuwa wakiikataza. Mshindi wa namna hiyo hahitaji kuthibitishwa na mtu. Kwa hiyo naomba, kwa upande wa ngoma angalau, umma upewe nafasi ya kuamua uwanjani na kwa miguu yake. Viwanja vya kutosha tunavyo.

Nakubali kwamba utaratibu huu haumfai kila msanii. Mchoraji hawezi kushindana na ngoma kwa umati, na mwandishi wa mashairi hawezi kabisa. Hao wapelekwe kwenye jopo la Mzee.

La pili ambalo Katibu hakuliuliza, na ambalo kwangu ndilo zito, ni jina litakaloandikwa kwenye ngao. Ngoma ni ya kundi. Bugobogobo haina mchezaji mmoja: wapo wapiga ngoma, yupo manju anayetunga na kuanzisha wimbo, wapo wanaorusha majembe, na wapo akina mama wanaoshona mavazi na kupika siku za safari. Nimewahi kuona taasisi fulani ikimwita kiongozi peke yake kupokea zawadi ya kikundi, na baada ya miezi michache kikundi kikavunjika kwa ugomvi wa zawadi hiyo. Mwongozo wenu useme wazi kwamba kikundi kitapokea kama kikundi, kwa akaunti yake ya benki, na majina ya wanachama wote yasomwe kwa sauti siku ya sherehe, hata kama yatachukua robo saa.

Kuhusu zawadi, Katibu, msibishane sana kati ya fedha na ngao, kwani ipo njia ya tatu. Msanii anataka kazi. Vikundi vyetu huitwa kila unapokuja Mwenge wa Uhuru, kila unapozinduliwa mradi na kila anapopokelewa mgeni mkubwa, na mara nyingi malipo yake ni nauli na maji ya chupa. Tuzo iambatane na mkataba: kikundi kilichoshinda kialikwe katika shughuli za halmashauri kwa mwaka mzima kwa malipo yaliyoandikwa, na mchoraji aliyeshinda apewe ukuta wa jengo la umma auchore kwa ujira, kisha jina lake liandikwe pembeni mahali linaposomeka. Tazameni ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania: mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, lakini kwa mwandishi jambo kubwa zaidi ni kwamba muswada wake unagharamiwa kuchapishwa uwafikie wasomaji. Fedha zitatumika ziishe, lakini kitabu kitaendelea kumfanyia kazi.

---

Mama wa Mlimani, Mabatini amejibu:

Nimesoma yote, na nawashukuru kaka zangu na Mzee wetu. Naona hata hivyo kwamba mazungumzo yameelemea kwa wasanii, na nusu ya pili ya swali la Katibu imebaki nyuma. Mimi nimo katika nusu hiyo. Ninajitolea katika masuala ya afya mtaani kwetu, kwenye zile nyumba zilizojengwa juu ya mawe, ambako gari halifiki na bajaji haifiki. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, anabebwa na vijana kushuka mlima hadi barabarani. Mzee akiugua, ni wale wale vijana. Hawana sare, hawajasajiliwa popote, na wengine mchana utawakuta wakiuza maji au kusukuma mikokoteni mjini. Nawataja kwa sababu ukimwuliza mtu yeyote wa mlimani ni nani astahili tuzo, atawataja kabla hajataja jina lolote ambalo ofisi ya kata inalijua.

Ndiyo maana nasema kwamba kwa upande wetu mapendekezo yasitoke ofisini. Ofisi inawajua wanaokuja ofisini. Yatoke katika mkutano mkuu wa mtaa, watu wakiwa wamekaa, jina likitajwa na aliyesaidiwa mwenyewe au ndugu yake asimame aeleze. Mwenyekiti wa mtaa aandike maelezo hayo kama yalivyosemwa. Mkutano ule ule una faida nyingine, kwa kuwa ni vigumu kumsifia mtu uongo mbele ya majirani zake. Aliyetoa mifuko ya saruji mara moja atashukuriwa hapo hapo, na yule aliyetunza kisima kwa miaka mingi atakumbukwa.

Jambo ninalotaka mlifikirie sana ni hatari ya kumchagua mtu mmoja mahali ambapo kazi ilifanywa na wengi. Sote tunaikumbuka ajali ya ndege ya Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani ikiwa na watu 43 na 19 kati yao wakafariki. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliwahi pale kwa mtumbwi na kasia, akapewa shilingi milioni moja na baadaye akaingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kwa moyo wote, maana kumpa kazi ya uokoaji mtu aliyeonyesha moyo wa kuokoa ni heshima iliyofikiriwa vizuri. Lakini siku ile walikuwepo wavuvi wengine na wakazi wa ufukweni walioingia majini na kuvuta kamba, na majina yao sisi huku hatuyajui. Vivyo hivyo MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018: waliofika kwanza ni wananchi wenye mitumbwi. Katika ziwa hili uokoaji huanza na mvuvi, na mvuvi hatoki peke yake. Iwepo basi tuzo ya kundi au ya mtaa mzima, na iheshimiwe sawa na ile ya mtu mmoja.

Kuhusu zawadi, mimi sidai fedha, na naamini wengi wa wenzangu hawadai, ingawa hakuna atakayezikataa. Tunachohitaji ni vifaa vya ile kazi tunayoifanya. Wanaobeba wagonjwa wapewe machela imara na kurunzi. Wanaosafisha Mto Mirongo wapewe glovu, viatu vya mpira na mahali pa kupeleka taka walizozitoa, kwa sababu taka zikiachwa ukingoni mvua inazirudisha mtoni na mto unazipeleka ziwani. Wanaong'oa magugu maji kwenye mialo wapewe reki na makoti ya kuelea. Na kama halmashauri ingeweza kumlipia mshindi bima ya afya kwa mwaka mmoja, yeye na watoto wake, hiyo ingekuwa heshima ambayo angeitumia. Ninawajua watu wanaowapeleka wenzao hospitali ilhali wao wenyewe wakiugua hawana cha kulipa.

Siku ya kutoa tuzo isiwe usiku hotelini. Watu wetu hawatakuja. Watahofia mavazi, nauli na namna ya kurudi nyumbani. Iwe mchana, Uwanja wa Nyamagana au shuleni, na iwe karibu na tarehe 5 Desemba, ambayo dunia nzima huadhimisha siku ya wanaojitolea.

---

Mkerewe wa Nansio amejibu:

Ningependa kuongeza jambo moja tu kuhusu muda. Kwetu Ukerewe aliishi Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini haikuchapishwa hadi mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Leo wasomi wa nchi nyingi wanamheshimu, ila yeye aliishi karibu maisha yake yote ya uandishi bila heshima hiyo. Wekeni kundi maalumu la wasanii wazee, na jopo liwafuate nyumbani kwao. Manju wa miaka 80 hawezi kujaza fomu wala kupanda ngazi za ofisi, na nyimbo anazozijua hazijarekodiwa popote. Sehemu ya zawadi yake iwe kurekodiwa kwa gharama ya halmashauri, haki za kazi zikibaki kwake na kwa watoto wake.

---

Katibu wa Wasanii, Nyamagana amejibu:

Wabeja sana. Nimewasomea wenzangu majibu yote, na rasimu imebadilika kwa kiasi kikubwa. Tumekubaliana juu ya njia mbili, jopo kwa wasanii na mkutano wa mtaa kwa wanaojitolea, na kwa upande wa ngoma tutaomba fainali ichezwe uwanjani kwa utaratibu alioueleza ndugu yetu wa Kisesa. Majina ya wanakikundi wote yatasomwa. Pendekezo la Mama wa Mlimani kuhusu vifaa na bima limeungwa mkono na kila mjumbe, pamoja na lile la kurekodi wazee.

Jambo moja bado linatugawa. Baadhi ya vijana wetu, hasa wa muziki wa kizazi kipya, wanasema kwamba tuzo isiyo na fedha itadharauliwa, kwa sababu studio inalipwa kwa fedha na haipokei vyeti. Wanamtaja Fid Q, aliyetoka hapa hapa Mwanza akajulikana nchi nzima, na wanasema kwamba kijana mwenye kipaji kama chake leo hii anaweza kukwama kwa kukosa gharama za kurekodi tu. Siwezi kusema kwamba wamekosea. Je, Mzee, halmashauri inaweza kisheria kutoa fedha taslimu, na ni nani hasa tumkabidhi rasimu?

---

Mstaafu wa Utamaduni amejibu:

Vijana wana hoja, nami nisingependa waondoke wakiamini kwamba wazee tunawanyima. Fedha zinaweza kutolewa ikiwa zimo katika bajeti iliyopitishwa na ikiwa mwongozo unataja kiasi na namna ya kulipa. Zisitolewe kwa bahasha jukwaani. Zilipwe kwa akaunti, zikiwa na hati ya malipo, ili mkaguzi anapokuja asiwe na swali. Ila kwa kijana wa muziki nashauri fedha hizo zilipwe moja kwa moja kwa studio atakayoichagua mwenyewe, kwa idadi ya nyimbo iliyokubaliwa. Kwa njia hiyo atapata alichokililia, na halmashauri itakuwa na kazi ya kuonyesha. Mkumbusheni pia aisajili kazi yake kwenye Ofisi ya Hakimiliki kabla hajaisambaza. Na kama wanataka mtaji wa kuendesha studio yao wenyewe, hilo si la tuzo. Waunde kikundi wakaombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wametengewa asilimia 4.

Rasimu mpeni diwani nakala moja na Mtendaji wa Kata nakala nyingine, naye aigonge muhuri wa kupokelewa. Ombeni iingizwe katika ajenda za Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa sababu jambo lililopita hapo lina kumbukumbu ya kikao na haliwezi kupotea mikononi mwa mtu. Angalieni na majira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya bajeti huanza kukusanywa kutoka ngazi za chini miezi mingi kabla ya hapo, na Baraza la Madiwani hupitisha rasimu mwanzoni mwa mwaka. Mkifika mwezi wa nne mtaambiwa msubiri mwaka mwingine. Mama wa Mlimani naye, kama atakuwa radhi, awepo siku mtakapoiwasilisha katani, aeleze habari za wale vijana wa machela kwa maneno yake mwenyewe.